Kigoda Kilichopakwa Samli

Kanyana alikipaka kigoda samli siku ya Alhamisi, akakisugua kwa kitambaa mpaka mti ukang'aa. Alipofungua mlango wa kanisa kesho yake kuja kupiga deki, samli yote ilikuwa imefutika na pale pa kukalia pamelowa maji.

Alidhani paa linavuja. Akatazama juu, akaona dari ni kavu. Akachovya kidole katika maji yale, akanusa. Yalinuka mto, na chini ya harufu ya mto kulikuwa na harufu ya sufu iliyorowa, kama blanketi la kambini lililonyeshewa usiku kucha kisha likakunjwa bila kuanikwa. Akajiambia ni kazi ya panya. Mtu akitaka kujidanganya hakosi panya.

Kigoda chenyewe kilitoka chumba cha chini. Waumini wa kanisa lao, wengi wao watu wa nyanda za juu za Kivu Kusini, walikuwa wamekabidhiwa jengo hili la mawe mtaani Riverside, huku Buffalo, Marekani, karibu na mto Niagara. Waliowakabidhi ni Waskoti waliolijenga, au tuseme mabaki yao, maana Waskoti wenyewe walikuwa wamebaki vizee wachache wasioweza tena kupanda ngazi za mlangoni. Kina mama waliposhuka chini kusafisha, walikuta mabenchi yaliyovunjika, vitabu vya zaburi vilivyooza kwa unyevu, na kigoda kimoja cheusi cha miguu mitatu, kizito kuliko umbo lake.

"Mama Uwera, achana na ile kiti," Kavugho alimwambia Kanyana. Kavugho alikuwa rafiki yake, Mnande wa Butembo, mwanamke asiyekawia kusema analoliona. "Angalia. Vitu vyote humu viko na vumbi. Ile haina."

"Njo maana ni ya heshima," Kanyana akajibu. "Bazee ba zamani balikuwa banaitunza."

Mtu asimcheke. Kwao Itombwe kigoda cha namna hiyo hukalishwa bibi arusi siku anapoingia kwa wakwe, na mgeni aliyetoka mbali, na mti wenye heshima hupakwa samli kama vinavyopakwa vyombo vya maziwa. Yeye mwenyewe alikalishwa juu ya kimoja akiwa msichana, mkwewe akamwekea kikombe cha maziwa mkononi, na hajawahi kuheshimiwa vile tena tangu siku ile. Nani angetunza kiti miaka yote kama si cha heshima? Akakibeba kifuani mpaka juu, akakiweka mbele, kando ya mimbari. Ndivyo watu wema wanavyojiletea balaa, kwa adabu zao.

*

Kazi ya Kanyana ilikuwa kutunza wazee majumbani, na mmoja wa wazee wake alikuwa Bibi Isobel Haldane, mtaa uleule, kikongwe wa zaidi ya miaka tisini ambaye babu yake alichonga mawe ya kanisa lile. Kiingereza cha Kanyana kilikuwa cha jikoni na cha bafuni, lakini Bibi Isobel alisema polepole, na alirudia jambo moja mara nyingi, hivyo kila mara Kanyana alipata kipande alichokikosa.

Alimsimulia juu ya Kilbrennoch, parokia ndogo ya Uskoti. Kanisa la kule lilijengwa kwa mawe ya mtoni. Ukuta wake wa kaskazini haukuwekwa dirisha hata moja, kwa sababu wahenga wao walisema upande ule ni wa Shetani na hakuna haja ya kumfungulia achungulie. Tajiri mwenye ardhi alijijengea roshani yake ndani ya kanisa na mlango wake pembeni, asije akanusa jasho la wakulima wake wakati wa sala. Kisha tajiri huyohuyo akaona kondoo wana faida kuliko watu, akawafukuza watu. Sehemu hiyo Kanyana aliielewa bila kuelezwa mara ya pili. Yeye na ng'ombe wao walifukuzwa, hawa walifukuzwa na kondoo. Tofauti ni mnyama tu.

Waliofukuzwa wakaja Buffalo kubeba nafaka kwenye maghala ya ziwani. Wakajenga kanisa la mbao, na walipopata nguvu wakalivunja na kujenga la mawe, mfano wa lile la nyumbani: ukuta wa kaskazini bila dirisha, roshani ya tajiri ijapokuwa hakuna tajiri, na juu ya mlango jiwe lililokuja kwa meli. Watu hawa walibeba hata matusi waliyotukanwa. Na kanisa mama kule Kilbrennoch sasa ni hoteli, alisema Bibi Isobel, watu wanakula samaki pale ilipokuwa mimbari.

Ukutani kwake kulikuwa na picha ya wazee wa kanisa wa zamani, wamevaa nyeusi. Ilipigwa enzi ambazo mtu alipaswa kutulia kimya kwa muda mrefu ili picha itoke, ndiyo maana wote walikuwa wameketi. Isipokuwa mmoja. Huyo, mzee kuliko wote, alisimama katikati ameshika mgongo wa kiti kitupu.

"Babu wa babu yangu," Bibi Isobel alisema. "Hakuketi. Kanisani amesimama, mezani amesimama. Watu walimwita mtakatifu."

Siku ile Kanyana alikuwa anamkausha miguu. Kwa kunogesha mazungumzo akamwambia wamekuta kanisani kigoda, kidogo, cheusi, cha miguu mitatu. Miguu ya kikongwe ikakakamaa mikononi mwake.

"Nani amekikalia?"

"Hakuna mutu, bibi. Bado."

"Kirudisheni chini," Bibi Isobel alisema. Akageuza uso ukutani.

Kanyana alipeleka habari hiyo kwa Mchungaji Gakwaya baada ya maombi ya Jumatano. Mchungaji alikuwa mtu mpole asiyependa kuamua jambo, kwa hiyo akamtazama Mzee Rudasingwa, kama ilivyokuwa desturi yake. Mzee akacheka.

"Bazungu banaogopa hata paka," alisema. "Iache hapo, Mama Uwera. Iko kiti nzuri. Jumapili tutakalisha mutoto wetu juu yake."

Likawa neno la mwisho, na nani angebishana na Rudasingwa? Familia ya Kanyana ilipotua Louisville, mjane na bintiye wamevaa kandambili katikati ya majira ya baridi, aliyewapokea uwanjani na mzigo wa makoti mikononi ni yeye. Aliwafundisha kupanda basi, aliwatafutia nyumba, alikwenda nao hospitali. Alipohamia Buffalo akawaita, nao wakamfuata. Alikuwa na gari kubwa, akawachukua mabinti wa kwaya kuwapeleka mazoezini na kuwarudisha makwao. Kanyana alimwombea kila asubuhi kabla hajajiombea mwenyewe.

Na mtoto atakayekalishwa ni Uwera, bintiye wa pekee, miaka kumi na tisa, sauti ya kwanza kwenye kwaya. Alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu kule Columbus, wa kwanza katika kanisa lao, na Jumapili ingekuwa ya kumshukuru Mungu na kumuaga.

Ingefaa binti awe na furaha. Lakini tangu majani yaanze kuanguka Uwera alikuwa amekataa kupanda gari la mzee. Alitembea kwa miguu kutoka mazoezini, kwenye upepo wa mtoni, akifika nyumbani nyusi zimeganda. Kanyana alimkemea.

"Unamuzarau muzee? Bila ye tungekuwa wapi?"

Uwera alijibu kwa Kiingereza kwamba anapenda tu kutembea, akaingia chumbani. Mtoto anayesema anapenda kutembea kwenye theluji ya Buffalo ama anaumwa ama anadanganya, na mama yake alijua hivyo, na bado akaendelea kukata vitunguu. Kikulacho ki nguoni mwako. Tatizo ni kwamba nguo yenyewe ulivikwa na mtu, na unaona haya kuivua mbele yake.

*

Jumamosi alasiri Kanyana alikwenda peke yake kupamba kanisa. Ilikuwa saa kumi na moja tu, lakini huku mwezi wa kumi na mbili saa hiyo ni giza tayari. Aliwasha taa za mbele. Akatandika kitambaa cha mezani, akageuka kuchukua maua, na nyuma yake mti ukagonga sakafu. Tuk. Akasimama. Tuk. Tuk. Miguu mitatu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesogeza kiti akiwa amekikalia.

Alipogeuka kigoda kilikuwa kimeacha kutazama watu. Kilielekea upande wa kushoto, kwenye benchi la wazee wa kanisa. Na sakafuni, kuanzia mlangoni, ikipita katikati ya mabenchi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuyafuta, kulikuwa na alama za nyayo, nyayo ndogo zisizo na viatu, zenye maji, ambazo zilikuja mpaka kwenye kigoda na hazikurudi. Na harufu ya sufu ikapanda, na katikati ya harufu ile akasikia pumzi, wala haikuwa pumzi ya mnyama wala ya kutisha, bali ile ya mtu anayelia akiwa amejiziba mdomo kwa mkono ili walio chumba cha pili wasisikie, pumzi ambayo Kanyana aliwahi kuisikia hivi karibuni, karibu sana, ukutani mwa nyumba yake mwenyewe, na akaikataa.

Mlango ukafunguka. Uwera aliingia, amekuja kumsaidia mama yake, na theluji ikaingia naye. Alifuata zile nyayo mpaka mwisho, akasimama kando ya kigoda.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Kuko mutu analia hapa."

"Twende nyumbani."

"Anasema ameniwekea nafasi."

Kanyana alimshika mkono akamvuta nje, hata taa hakuzima. Njiani alisoma Zaburi zote alizozijua, na hakumuuliza mtoto swali hata moja. Aliogopa jini. Na zaidi ya jini, aliogopa jibu.

*

Jumapili kanisa lilijaa. Kwaya iliimba, ngoma zikapigwa mpaka kuta za Waskoti, ambazo hazikuzoea, zikatetemeka. Mchungaji Gakwaya akamwita Uwera mbele. Mzee Rudasingwa mwenyewe akanyanyuka kwenye benchi lake, akamwongoza kwa kumshika bega, na Kanyana akaona bega lile likijikunja kama jani lililoguswa na moto. Akamkalisha kwenye kigoda, kisha akarudi mahali pake.

Uwera alikaa. Rangi ikamtoka usoni. Meno yakaanza kugongana, kanisa likiwa na joto la watu mia. Kisha akafungua mdomo, akasema lugha isiyojulikana na mtu pale, nzito, ya kooni, yenye kupanda na kushuka, na maneno yakatoka mfululizo.

Watu wakainuka. Vigelegele vikapigwa. "Roho ameshuka," mtu akapaza sauti, na kina mama wakaanza kulia kwa furaha, na Mzee Rudasingwa akainua mikono yake yote miwili juu.

Kisha lugha ikabadilika. Uwera akasema Kinyamulenge, lugha ya nyumbani, na baada yake Kiswahili, ili asibaki mtu wa kusingizia. Hakupiga kelele. Alisema kulikuwa na gari, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akishushwa wa mwisho kila mara. Alisema juu ya njia ya mtoni, ambayo siyo njia ya kwenda kwao. Alisema milango ilifungwa. Alisema alimwambia mzee kwamba yeye ni mtoto wake, na mzee alisema njo vile, wewe ni mutoto yangu, na tena nilikununulia koti. Kisha akanyoosha mkono kwenye benchi la wazee, akamtaja kwa jina.

Kanyana alikuwa amesimama na kitambaa alichokuwa akikipunga kwa vigelegele bado mkononi, na alijua, kwa namna mama anavyojua, kwamba neno lile ni kweli kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Mikono ya Rudasingwa ikashuka polepole. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama baba.

"Mnaona," akasema. "Pepo imeingilia mutoto."

Mtu wa kwanza akasema amina. Wa pili akasema amina. Basi ikawa hivyo: alipokuwa haeleweki alikuwa na Roho Mtakatifu, na alipoeleweka akawa na jini.

*

Wiki ile nyumbani kwa Kanyana simu haikupumzika. Wengine walipiga kutoka Columbus, wengine Louisville, wote wakimpa pole kwa ugonjwa wa mtoto. Bagula, mwimbaji mwenzake Uwera, alikuja na mchele, akakaa dakika chache akitazama viatu vyake, akaondoka. Shukrani ya punda ni mateke, mwanamke mmoja alimwambia Kavugho, na Kavugho akamjibu kwamba hajawahi kuona punda akikataa lifti bila sababu. Lakini hata Kavugho alisema hivyo jikoni, siyo kanisani.

Uwera hakula. Kila alipoketi palinuka mto. Maji yalitiririka kutoka kwenye kiti, mto wa kitanda ukarowa. Kanyana alibadilisha mashuka, akakausha, akabadilisha tena. Mchungaji akamletea habari kwamba Mama Yudita, mama wa maombi mwenye jina kubwa kule Louisville, yule anayetoa mapepo, amekubali kuja Jumamosi. Aliyempigia simu kumwomba ni Mzee Rudasingwa.

Ijumaa Kanyana alikwenda kazini macho yamevimba. Bibi Isobel alimtazama, akasema, "Amekikalia nani?"

"Mutoto yangu."

Kikongwe akafumba macho. Akasimulia, na safari hii Kanyana hakukosa hata kipande.

Palikuwa na msichana Kilbrennoch, jina lake Elspeth, mtumishi wa nyumba ya watu. Kigoda kile kilikuwa cha kuaibisha. Aliyekosa alisimamishwa mlangoni pa kanisa, miguu mitupu, amevikwa vazi la sufu, mvua ikimnyeshea huku kengele ikilia na watu wakimpita. Kisha alikalishwa mbele, watu wote wamtazame, akatakiwa kusema. Elspeth aliulizwa ni nani aliyemharibu, akamtaja. Jumapili iliyofuata akaulizwa, akamtaja yuleyule. Aliyemtaja alikuwa mzee wa kanisa, ameketi benchi la mbele, na maswali alikuwa akiyauliza yeye mwenyewe. Mwishoni wakamwambia msichana: sema umesema uongo, na utainuka. Alikuwa amechoka. Akasema ni uongo. Wakamwinua, wakampa mkate na divai, wakamwambia amepona. Akatoka na vazi lake la sufu, akaingia mtoni.

"Tangu hapo kigoda kile hakimwachi mtu aliyekikalia," Bibi Isobel alisema, "mpaka aseme kweli kwa sauti yake mwenyewe. Elspeth aliinuliwa kwa uongo. Anangoja."

"Na ule muzee?"

Bibi Isobel aliinua kidole chenye mifupa, akakielekeza kwenye picha ya ukutani, kwa yule aliyesimama.

"Alikikalia mara moja tu, kuwaonyesha watu kwamba ni mti tu. Baada ya hapo kila kiti alichokalia kilikuwa kile. Ndiyo maana alisimama. Mtakatifu wetu." Akacheka kicheko kikavu, kisha machozi yakamtoka. "Familia yangu ilikibeba ng'ambo ya bahari kwa sababu iliogopa kukiacha nyuma kikasema. Mwambie mtoto wako asikanushe. Unanisikia? Asikanushe."

*

Jumamosi mchana walimweka Uwera kwenye kigoda. Mama Yudita alisema pepo hutolewa palepale lilipoingilia. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, na, tumtendee haki, aliamini kila neno alilosema. Walikuwapo Mchungaji Gakwaya, kina mama wa maombi, wazee wa kanisa. Na mkono uliowekwa juu ya kichwa cha binti, kwa sababu ulikuwa mkono wa mzee mkuu kuliko wote, ulikuwa wa Rudasingwa.

Kanyana aliuona mkono ule juu ya nywele alizozisuka mwenyewe. Alisimama ukutani, ukuta usio na dirisha. Usiku alikuwa amemwambia Uwera maneno ya Bibi Isobel, yote. Uwera alimsikiliza, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Na wewe, mama, unaniamini?" Kanyana alisema ndiyo. Aliisema chumbani, taa imezimwa. Leo palikuwa na mwanga na watu.

"Pepo muchafu, toka," Mama Yudita alipaza sauti, na wote wakafumba macho, wakaomba kwa pamoja, kila mtu na maneno yake, mpaka sauti zikawa ukuta wa pili. Waliomba muda mrefu. Jasho likawatoka. Kisha Mama Yudita akawanyamazisha, akainama.

"Binti, ile maneno ya Jumapili, alisema nani? Ni wewe, ama ni pepo?"

Uwera alishika kingo za kigoda.

"Sema tu ni pepo, mutoto yangu," Rudasingwa alisema taratibu juu ya kichwa chake. "Donc, ukisema, inaisha. Utaenda masomo yako. Hakuna mutu atakukumbusha."

"Sema, mwanangu," Mchungaji Gakwaya aliongeza, akitazama sakafu.

Wakafumba macho tena wamwombee apate nguvu ya kusema. Kwa hiyo aliyeona ni Kanyana peke yake: maji yakianza kuchuruzika kutoka kwenye kigoda, kwanza tone, kisha mshipi mwembamba, kisha kwa wingi, yakizunguka viatu vya wazee na viatu vya mchungaji na miguu ya mama wa maombi na hakuna hata mmoja aliyeinua mguu, na nyuma ya binti yake mtu mwingine amesimama, mfupi, kichwa kimeinama chini ya vazi zito linalodondoka maji, mikono yake imewekwa kwenye mabega ya Uwera kama dada anavyomshika mdogo wake kwenye umati, na midomo ya Uwera ikifunguka, iliyochoka, iliyokauka, ikianza kuumba neno ambalo lingemwinua pale na kumpeleka mtoni, na macho yake yakimtafuta mama yake chumba kizima.

Kanyana akaondoka ukutani. Akausukuma mkono wa Rudasingwa, akamwinua mtoto wake kwa kumshika kwapani kama alivyokuwa akimwinua wakati anajifunza kutembea, na kabla mtu hajasema kitu akakikalia kigoda yeye.

Baridi ikampanda kutoka chini mpaka kwenye meno. Alingoja ile lugha ya kooni, alingoja sauti ya mtu mwingine impitie, maana alihisi ingekuwa rahisi zaidi. Haikuja. Kilichokuja ni sauti yake mwenyewe, ya kawaida, ya kuulizia bei sokoni.

"Mutoto yangu hana pepo," alisema. "Alisema kweli. Nilimusikia analia tangu majani ilianza kuanguka, na nikaongeza sauti ya redio. Ule alimutendea ni Rudasingwa. Alitupokea Louisville, alitupa makoti, na alikuwa anatungojea. Mimi njo ninasema. Kanyana. Hakuna mutu mwingine ndani yangu."

Baridi ikamwachia. Alihisi jinsi ilivyomwachia, kama ngumi inayofunguka. Alipotazama, maji hayakuwapo, wala yule aliyesimama.

Watu walikuwa wamefumbua macho. Mchungaji alimtazama Rudasingwa. Kavugho, karibu na mlango, alikuwa amejishika kifua. Kulikuwa na nafasi pale, ndogo, ya mtu mmoja kusema neno moja.

Aliyesema ni Mama Yudita.

"Imehamia kwa mama," alisema, na mikono yote ikamwelekea Kanyana.

Hakungoja iwekwe kichwani pake. Alimshika Uwera, wakatoka. Nyuma yao Rudasingwa alisikika akiwatuliza watu, akicheka kidogo. Alisema wasiogope, Mungu ameshinda, hiki ni kipande cha mti tu. Na ili waamini, akakivuta kigoda, akakikalia mbele ya wote, wakampigia makofi. Baadaye wakakibeba nje, wakakichoma.

*

Columbus walipanga vyumba viwili karibu na chuo kikuu, mtaa wa wanafunzi, ambako hakuna anayemjua mtu. Uwera alianza masomo. Kanyana akapata kazi ghalani. Walikwenda kanisani mara mbili kwa watu wa kwao. Walipokelewa kwa tabasamu, wakapewa benchi la nyuma, na mtoto wa mtu alipomsogelea Uwera, mama yake alimwita arudi. Simu zilikuwa zimetangulia. Baada ya hapo Jumapili walisali jikoni, wawili, na Uwera aliimba kwa sauti ya chini. Kanyana alifikiri mara nyingi, na kila mara kwa uchungu uleule, kwamba katika kanisa zima la Buffalo aliyemsadiki mtoto wake mbele ya watu kabla yake alikuwa jini peke yake.

Theluji ilipoisha Kavugho alipiga simu.

"Mama Uwera, muzee Rudasingwa haikali tena."

"Haikali namna gani?"

"Haikali. Kwa ibada anasimama. Kwa meza anasimama. Gari aliuzisha, anasema anataka kutembea. Bibi yake anasema analala akiwa ameegemea ukuta. Kijana mumoja wa kwaya alimusogezea kiti ku ndoa moja, akaikala kidogo tu, akaruka. Suruali yake yote maji. Mimi niliona."

Kanyana alishika simu kwa mikono miwili. Alikumbuka picha, na mgongo wa kiti kitupu.

"Na batu banasema nini?"

"Banasema Mungu amemutia roho ya kusimama, kama Musa ku mulima. Batu banatoka Louisville kuja kuombewa na ye. Mama Yudita alimupaka mafuta. Bon, sasa njo anaitwa baba wa kanisa."

Uwera alikuwa mezani na vitabu vyake. Alikuwa amesikia yote, sauti ya Kavugho haikuhitaji kipaza sauti. Simu ilipokatwa alibaki ameshika kalamu bila kuandika.

"Donc akisema kweli," aliuliza, "ataikala?"

"Njo vile."

Uwera aliweka kalamu chini.

"Hatasema, mama. Banamupenda hivi."

"Basi asimame," Kanyana alisema. Akavuta kiti cha pili, akaketi mezani karibu na mtoto wake. Kiti kilikuwa kikavu.